Radhi ya Mwajabu

Mjukuu wangu Abdulkarimu anasomesha Kiingereza pale Kibiti, na ana kitabu cha maneno kinene kama tofali. Juzi nilijikata mguu kwa jembe. Akanikuta mkekani nausafisha kwa maji ya chumvi, na badala ya kunipa pole akaanza kunisomesha. Eti Waingereza jeraha wanaliita injury. Nikamwambia waliite watakavyo, nipe hicho kitambaa. Wapi! Hakukoma. Akasema neno hilo lilitoka kwa Warumi wa kale, na kwa Warumi halikuwa na damu ndani yake. Maana yake ilikuwa jambo lisilo haki, mtu kufanyiwa dhuluma. Damu, akasema, iliingia baadaye.

Nikauacha mguu. "Kaa chini, bwana mwalimu," nikamwambia. "Umesoma sana, lakini habari ya mama yangu Mwajabu hujaisoma, maana hakuna aliyeiandika."

Mama aliolewa Mkongo na Kondo, ambaye ndiye baba yangu, na ninalitamka jina lake kwa sababu sina namna. Mimi nilizaliwa mwaka ule wa vita vya Mjerumani, pamba ikiwa bado shambani na migongo ya watu ikiwa bado na alama za kiboko cha akida. Mzee Mwinjuma, baba yake mdogo Kondo, alikuwa amekwenda Ngarambe na kurudi na maji ya dawa. Akawamwagia vijana vichwani, akawanywesha, akawaambia risasi za Mjerumani zitawateremka kama matone ya mvua. Lakini maji yalikuwa na miiko yake. Usipore mali ya mtu. Usilale na mwanamke, hata mkeo. Ukivunja mwiko, maji yanakutoka, na risasi itakuona.

Kondo akaenda vitani. Mama alikuwa ndani na mimi mchanga, arobaini haijatimia. Na kwetu unajua: mzazi halali na mumewe mpaka siku arobaini zitimie. Mkunga Bi Mwanabaraka ndiye aliyelala naye kitanda kimoja, mimi nikiwa katikati yao, tangu siku niliyozaliwa. Kondo alikuwa akituona mlangoni tu, anauliza mtoto kaamkaje, anakwenda zake.

Siku yangu ya ishirini na tisa wakamleta Kondo amebebwa kwenye kitanda cha kamba. Risasi ilikuwa imeingia pajani, ikatokea upande wa pili. Ua mzima ukajaa watu. Na hapo ndipo penye uchungu, mjukuu wangu, maana hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kampiga. Mzee Mwinjuma alisimama juu yake akauliza: "Umevunja mwiko gani?"

Fikiri na wewe. Kama hakuvunja mwiko wowote na risasi imempata, basi maji ni maji tu. Kule Ngorongo kulikuwa na mtu aliyelisema hilo hadharani, wakampiga marungu mpaka akafa. Na vijana wengine wa Mkongo walikuwa wanaondoka kesho yake asubuhi, wamekwisha kunyweshwa. Nani angewaambia?

Mzee Mwinjuma akauliza tena: "Umepora?" Kondo akatikisa kichwa. "Umelala na mkeo?"

Mama alikuwa anasikia yote nyuma ya ukuta wa udongo. Alikuwa ananinyonyesha. Aliniambia hakuwa na hofu hata kidogo, maana alijua jibu, na Kondo alilijua, na kila mwenye akili alilijua.

Kondo akasema: "Alinifuata mwenyewe."

Loo! Maneno mawili tu. Mwanamume mzima, mwenye ndevu, amelala pale damu inamtoka, anamtupia lawama mzazi wa siku ishirini na tisa.

Mama akapiga kelele kutoka ndani: "Muulizeni Bi Mwanabaraka!" Watu wakamgeukia mkunga. Naye alifungua kinywa, kweli alikifungua, mama aliniapia. Lakini wanawe wawili walikuwa wamesimama pale pale uani na vibuyu vyao vya dawa shingoni, ndio wa kuondoka kesho. Akawatazama. Akakifunga kinywa. Akasema yeye huwa analala usingizi mzito.

Wale wanawe hawakurudi, hata mmoja.

Mama alipewa talaka tatu siku ile ile. Arobaini haikumaliziwa, hakuogeshwa, sikunyolewa nywele za uzazi. Akanifunga mgongoni akashika njia ya kwao Ruaruke kwa miguu, damu ya uzazi haijakauka. Jina nililopewa siku ya saba lilikuwa Fatu. Njiani mama akalibadilisha, akaniita Sikudhani, maana hakudhani.

Ruaruke nako maneno yalikuwa yamemtangulia. Maneno hayana miguu lakini yanafika kabla yako. Ikawa ndiye mwanamke aliyevunja maji. Kijana wa Ruaruke akifa vitani, mama zake wanapita mbele ya mlango wetu na kutema mate. Wavuvi walimkataza kuruka nyavu zao. Ilipokuja njaa baada ya vita, Mjerumani amekwisha kuchoma maghala, watu walikwenda porini kuchimba ming'oko kwa makundi, na mama alikwenda peke yake, mimi mgongoni, kwa sababu hakuna kundi lililomtaka. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuolewa tena.

Na Kondo? Kondo alipona, bwana! Askari walipokuja kukagua watu wenye makovu ya risasi, wapate kuwafunga, akawaambia kovu lake ni la nguruwe pori. Wakaamini. Kwa hiyo kwa Mjerumani lile jeraha lilitoka kwa nguruwe, kwa watu wa Mkongo lilitoka kwa mama yangu, na bunduki iliyolitoboa haikutajwa na mtu. Alioa wake wengine wawili. Akawa mtu wa safu ya mbele msikitini.

Mimi nilikuwa mtu mzima, nina watoto, Mwingereza ndiye anayetawala, mjumbe alipofika Ruaruke. Kondo yu taabani, anamtaka Mwajabu ampe radhi. Nikamwambia mama, usiende, afe na dhambi yake. Akanijibu: "Nimemngoja huyu tangu una siku ishirini na tisa. Nifungie kanga zangu."

Tulimkuta mifupa mitupu. Akaomba watu watoke, tukabaki sisi watatu. "Mwajabu," akasema, "najua hukukosa. Nipe radhi nipumzike."

Mama akamwuliza: "Nani mwingine anajua?"

Kondo akageuzia uso ukutani.

"Waite. Mwite baba yako mdogo, yuko hapo barazani anakohoa. Waambie kama ulivyoniambia mimi, na radhi yangu utaipata sasa hivi, sitakuchelewesha."

Kondo akalia. Mimi nilimtazama akilia na sikumwonea huruma, Mungu anisamehe. Akasema: "Wanangu wako nje. Niache nife na heshima yangu, mama Sikudhani."

"Hiyo ni yangu," mama akasema, "uliichukua." Akanyanyuka.

Akafa adhuhuri ya siku ya pili. Akaoshwa, akakafiniwa, jeneza likatolewa uani. Mwalimu wa msikiti akasimama kama ilivyo ada, akasema: "Jamani, marehemu alikuwa binadamu kama sisi. Aliyekosewa naye amsamehe, aende mwepesi. Mmemsamehe?"

"Tumemsamehe," watu wakaitika.

"Mimi bado," mama akasema kutoka kwa wanawake.

Salala! Mama akasogea mpaka kwenye jeneza, akanishika mkono, mimi na umri wangu ule, kama anamshika mtoto. "Huyu alikuwa na siku ishirini na tisa," akasema. "Hamkujua kuhesabu?"

Ndipo Bi Mwanabaraka, kipofu sasa, amekaa kwenye jamvi, akasema kwa sauti: "Hakumgusa. Nililala naye kitanda kimoja, na usingizi wangu haukuwa mzito. Nilikuwa na wanangu."

Mwalimu wa msikiti alikuwa kijana, mambo yale aliyasikia tu. Akamgeukia Mzee Mwinjuma, mmoja wa wale waliomhukumu mama. "Mzee, sema neno. Sema mlimkosea, tumzike mtu."

Mzee Mwinjuma akaegemea fimbo yake akatazama chini. Akasema: "Hayo ya zamani, Mwajabu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Na ni mimi mliyenimwagia," mama akasema.

Basi. Wakangoja kidogo, jua likawa kali, mwishowe vijana wakalinyanyua jeneza na kuondoka wakitaja shahada kwa sauti kubwa, wasimsikie. Alizikwa hivyo hivyo.

Mama aliishi miaka kumi na miwili baada ya hapo. Alipozidiwa akaniita: "Radhi ya baba yako nakuachia wewe. Yeyote katika wale walionihukumu akisema mbele za watu kuwa sikukosa, mpe baba yako siku hiyo hiyo. Wasiposema, usimpe."

Abdulkarimu akanifunga mguu. Kisha akaniambia, bibi, si umsamehe tu, yamepita. Nikamwambia amana si yangu, niliwekewa na masharti yake. Mzee Mwinjuma alikufa mwaka uliofuata baada ya Kondo, hakusema kitu. Wengine wote waliomhukumu mama pale uani wamekufa. Nimebaki nayo mimi, na hakuna aliyebaki wa kulisema lile neno ili niitoe.