Shemeji Hashiki Usukani

Katika klabu yetu ya magari ya porini pale Bariadi, mimi naitwa shemeji. Wanachama ni wanaume kumi na kitu, na mke wa kila mmoja ni shemeji wa waliobaki. Mume wangu alipokuwa hai sikuona ubaya. Shemeji ni neno zuri, linakuja na soda baridi na kiti cha plastiki kinachofutwa vumbi kabla hujakaa. Sasa ni mwaka wa pili tangu afariki. Mkonga wetu, lile gari lenye bomba la hewa linalopanda kando ya kioo, nauendesha mimi, vikao nahudhuria mimi, na bado ni shemeji.

Safari hii walitangaza matembezi ya ufukweni, Busega, mbele kidogo ya Nyashimo, pamoja na mashindano ya kirafiki ya kuvuka mchanga. Kwenye kombe wakachonga jina la mume wangu. Niliposikia nililia, kisha nikajiambia kombe hilo nitalichukua mimi, nikiwa kwenye usukani, mbele yao wote.

Lazima niseme kwa nini. Klabuni kuna hadithi inayosimuliwa karibu kila kikao: siku mume wangu alipolinasua basi zima la abiria kwenye tope la mbuga kule Kimali, mvua ikinyesha. Hadithi ni ya kweli, ila aliyeuendesha mkonga ni mimi. Mimi ni afisa ugani, nimeendesha magari ya ofisi kwenye tope la Meatu na mchanga wa Busega kabla hata sijaolewa. Yeye siku ile alikuwa kwenye kiti cha abiria, ameshika mwavuli. Tuliporudi akaisimulia kama yake mbele ya wenzake, mimi nikiwa naleta chai, akanitupia jicho moja la kuomba. Nikanyamaza. Niliona si vizuri mume aaibike kwa ajili ya basi. Mwaka uliofuata nilikuwa namkumbusha mwenyewe vipande alivyovisahau, na vingine nikamwongezea. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tulifika ziwani saa nne asubuhi. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye tumbo na filimbi shingoni, akasoma orodha ya madereva. Mkonga wangu ulikuwemo. Dereva: katibu. Jina langu lilikuwa chini kabisa, kwenye mashindano ya mashemeji, kukimbia na ndimu juu ya kijiko.

Nilimvuta mwenyekiti kando nikamwambia nimekuja kuendesha. Alinijibu kwa upole wake uleule kwamba hawawezi kumwacha mjane wa ndugu yao ahatarishe maisha, watu watasemaje. Isitoshe, katibu alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu, kwa hiyo gari litakuwa mikononi mwa ndugu. Funguo za gari hilo zilikuwa mfukoni mwangu. Nilizitoa. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilizitoa, na jibu ninalopata ni kwamba katika maneno yale machache alikuwa ameniita shemeji mara tatu. Ndimu yangu ilidondoka hatua ya pili, na sikuinama kuiokota.

Wanaume wa kwetu wamejifunzia udereva mbugani, kwenye udongo mweusi. Tope lile halitaki huruma, ukilegeza mguu umelala hapo. Basi wakauingia mchanga kama wanaingia topeni, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, na mchanga hautaki hivyo. Ukiukasirikia unajichimbia shimo. Gari la kwanza likazama, la pili likazama, la mwenyekiti likazama naye ndani na filimbi yake. Katibu akaja na mkonga wangu akiungurumisha injini mpaka moshi ukatufunika, akayafukia magurudumu ya nyuma yote mawili. Wakaanza kubishana nani apige simu Nyashimo kutafuta trekta.

Nilivua viatu. Nikamwambia katibu ashuke, akashuka. Nilipunguza upepo tairi moja baada ya nyingine kwa kubonyeza na kijiti, nikafukua mchanga kwa mikono, nikaweka gia nzito na kurudi nyuma taratibu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Gari likatoka. Ningeweza kuishia hapo, lakini hasira zilikuwa zimenipanda, nikalizungusha mpaka kwenye nguzo ya bendera, pale washindani walipotakiwa kugeukia, na kurudi nilipoanzia. Kisha nikafunga kamba nikawavuta mmoja mmoja, mwenyekiti wa mwisho.

Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa hapo jirani akaja mpaka dirishani kwangu. "Mayu, kumbe dereva ndo wewe," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Umejifunzia wapi?" Nikamjibu Meatu, na hukuhuku Busega. Siku nzima hakuna mwingine aliyeniuliza.

Kabla ya chakula mwenyekiti alipuliza filimbi. Akasema gari lililozunguka nguzo ni moja tu, gari la marehemu, na kwamba roho yake ndiyo iliyotuonyesha njia. Akaomba tusimame dakika moja. Tukasimama. Halafu akaisimulia hadithi ya basi la Kimali, pamoja na vile vipande nilivyoongeza mimi, hakuacha hata kimoja. Akaniita nipokee kombe kwa niaba ya mume wangu.

Nililipokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Siku ile ya basi aliyeendesha ni mimi. Na leo mmeniona wenyewe."

Katibu aliangalia vidole vya miguu yake. Mwenyekiti akaniinamia, sauti ameishusha kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Shemeji," akasema, "marehemu hasemwi."

Wakapiga makofi ili nikakae. Nilipopita, nilimsikia mke wa katibu akimwambia mwenzake kwamba mtu aliyefiwa asisikilizwe sana, bado ana uchungu.

Sikungoja pilau. Nilijaza upepo Nyashimo nikashika njia ya Bariadi peke yangu. Kombe nililiweka kwenye kiti cha abiria, nikalifunga mkanda lisianguke kwenye makorongo, jina la mume wangu limenielekea, palepale alipokuwa amekaa na mwavuli wake siku ile ya Kimali.