Mahema ya Flandria

Picha zilimfikia Thacienne kwa mpigo, asubuhi ya Jumamosi moja ya mwezi wa nane mwaka 2021, akiwa jikoni kwake Guildford, Australia, anakoroga uji wa mumewe. Zilitoka kwa mdogo wake Cécile, ambaye tangu aolewe na Juvénal anaishi Ubelgiji, mji wa Kortrijk, upande wa Flandria. Maneno yalikuwa machache: "Tuko vakansi huku mashambani, dada. Pazuri mno!"

Katika picha ya kwanza Cécile alikuwa anacheka. Nyuma yake kulikuwa na hema.

Thacienne alizima jiko.

Si kwamba hema ni kitu kigeni kwake. Alikulia chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi kule Kasulu, upande wa Tanzania. Alijifunza kusoma chini ya turubai, na Lazare alimposa chini ya turubai, siku ya mvua, wakwe wakiwa wamesimama nje kwa kukosa nafasi. Ni kwa uzoefu huo wote kwamba alikuwa na hakika ya jambo moja: mtu mwenye nyumba haingii hemani kwa hiari yake. Na Cécile ana nyumba.

"Au alituambia anayo," alimwambia Lazare.

Lazare alikuwa mezani, amevaa masweta mawili, anasubiri uji. Ni dereva wa foklifti katika ghala moja la Smithfield, au alikuwa, mpaka korona ilipomlaza hospitalini mwezi uliotangulia na kumrudisha amepungua kiasi cha pete kumvuka kidoleni yenyewe. Cécile hakuambiwa lolote. Alitumiwa picha ya shemeji yake amevaa suti, amekaa kwenye kiti cha sebuleni, na maneno: "Shemeji yako yuko likizo, kazi yake kula tu." Thacienne hakuliita jambo hilo uongo. Mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa, hakuna ndege, hakuna wa kuja. Kumtupia mtu msiba kwa simu wakati hawezi kuja kukushika mkono ni kukosa adabu.

Lakini mtu anayeficha kwa adabu anajua kwamba na wenzake wana adabu hiyo hiyo ya kuficha.

"Mama Irankunda, uji," Lazare alisema.

"Subiri. Hili si jambo la kupuuza."

Kule Kasulu kila Jumapili alipita mpiga picha na pazia lake lililochorwa ndege na chombo cha maua. Familia nzima ilikuwa na shati moja jeupe la kupokezana na redio isiyo na betri ya kushika mkononi. Picha zilikwenda kwa shangazi Bujumbura, zikisema tuko salama, tunasikiliza habari. Na aliyekuwa anazipanga, aliyejua miguu peku ifichwe nyuma ya ndoo, na ndoo ifunikwe kitenge ili isijulikane ni ndoo, alikuwa Cécile, hajafika hata darasa la tano. Tangu hapo Thacienne haangalii picha ya ndugu kuanzia usoni. Anaanza pembeni, anakuja katikati.

Pembeni mwa picha ya pili kulikuwa na bomba la maji, na watu kwenye foleni wameshika beseni za plastiki. Juvénal alikuwa mmoja wao, amebeba masufuria ya kwenda kuosha.

"Juvénal na masufuria?" Thacienne alisema. "Huyo wameshamvunja."

Katika ya tatu Cécile alikuwa na ukanda wa plastiki mkononi, wenye namba. Katika ya nne lilikuwako shamba lililozungushiwa nguzo ndefu kuliko za umeme, na nyaya zimepitishwa juu yake huku na huku. Ya tano ndiyo iliyomkalisha chini: makaburi meupe, safu kwa safu, mengi yasiyohesabika, na Cécile amesimama katikati yake na miwani ya jua.

Binti yao Irankunda aliitwa. Kwake Kiswahili kinaingia sikioni, kikitoka mdomoni kimekuwa Kiingereza, na ndivyo alivyojibu, akiegemea friji: kwamba Wabelgiji hulipa kwenda kulala kwenye mahema kiangazi, kwamba nguzo zile ni za kupandishia hopsi, mmea wa kutia uchungu kwenye bia, kwamba waliozikwa pale ni askari wa vita vya zamani na watalii huenda kuwatazama. Akamfungulia mama yake tovuti ya mahali penyewe. Kulikuwa na watoto wanacheka, mahema yamejipanga, anga la bluu.

"Na sisi tulipigwa picha za namna hii," Thacienne alisema. "Shirika likatutia kwenye kalenda. Mimi nilikuwa Machi."

Irankunda alirudi chumbani kwenye masomo yake ya mtandaoni.

Siku ilikuwa ndefu. Thacienne, ambaye ni mtunza wazee katika nyumba moja kule Toongabbie, hakuwa na zamu. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya Guildford kuhakikisha watu wanatii amri ya korona ya kukaa majumbani, na nyumba ya tatu kutoka kwao askari wawili wa jeshi waligonga mlango kuuliza wagonjwa kama hawajatoka. Thacienne aliwatazama kupitia pazia bila shauku. Akili yake ilikuwa Ubelgiji. Kama Cécile amepoteza nyumba na karatasi akarudishwa kambini, basi zile simu za kila Jumapili zote zilikuwa shati jeupe na redio isiyo na betri, na yeye, dada mkubwa, hana mdogo wa kumwamini tena duniani.

Saa kumi na moja jioni, kwao Cécile kukiwa asubuhi, alipiga simu ya video.

"Dada! Umeona picha?"

"Nimeziona. Hapo getini kuna nani?"

"Getini? Kijana wa mapokezi. Asubuhi anauza mikate."

"Anakuruhusu kutoka?"

"Wewe Thacienne, umekunywa nini?"

"Toka nikuone. Usimuage mtu, usichukue kitu. Toka tu."

Cécile aliguna, akavaa kandambili. Simu ikaanza kuyumba: mahema, bomba, watoto kwenye baiskeli, kisha nguzo nyekundu na nyeupe ya kuzuia magari. Kijana wa mikate aliinua mkono bila kuinua kichwa. Cécile akapita. Ikafuata barabara nyembamba, ng'ombe walionenepa, mnara wa kanisa kwa mbali, na yeye anaendelea kutembea mpaka mahema yakawa madogo nyuma yake.

"Haya, nimetoka. Niende wapi tena? Ufaransa iko nyuma ya kile kilima."

Cécile akageuka, akaanza kurudi.

"Unarudi?" Ilimtoka Thacienne kwa sauti.

"Si chai yangu inapoa!" Kisha Cécile akasimama katikati ya barabara. "Sikiliza, dada. Ile kazi ya kupanga picha alikuwa anaifanya nani?"

"Wewe."

"Basi. Ningekuwa nakuficha kitu, ungeona beseni?"

Thacienne aliiangalia hoja hiyo pande zote, akaona haina tundu. Angecheka, lakini mdogo wake hakuwa amemaliza.

"Zamu yangu. Nipe shemeji."

"Yuko kazini."

"Jumamosi jioni? Na si ulisema yuko likizo?"

Mezani Lazare aliacha kukoroga chai.

"Ile picha ya suti," Cécile alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, "shingo ya shati ilikuwa inaingia ngumi. Umemweka kwenye kiti chenye mikono ili ashikilie. Dada, picha hiyo nimelala nayo wiki mbili. Juvénal ndiye aliyenileta huku, akasema nitazame ng'ombe badala ya simu. Yuko hai au hayuko?"

Lazare alikuwa ameshaelewa. Alijinyoosha kitini, akavua sweta la juu, akaanza kuifunga shingo ya shati iliyompwaya.

"Acha kola," Thacienne alisema. "Kaa hivyo hivyo."

Akamgeuzia simu.

"Shemeji," Lazare alisema, pumzi ikikatika katikati ya neno, "huko hakujabaki hema moja?"

Cécile hakucheka. Alisimama pale barabarani, na Thacienne, akichungulia kutoka ubavuni, aliona macho ya mdogo wake yakianzia pembeni ya kioo, kwenye dawa zilizo juu ya friji, yakija taratibu katikati.