Kigoda cha Mlangoni

Majirani walimpachika jina la Askari, naye hakubisha, maana nguvu za kubisha hakuwa nazo. Alikuwa fundi cherehani, na mtoto wake wa pekee, wa miezi minane, alizaliwa na tundu kwenye moyo. Kwa watoto wengine mafua ni kamasi na kelele tu. Kwa huyu yalikuwa kifua kubana, kunyonya mara mbili na kuachia, jasho kichwani, na yeye, mama yake, kukodolea macho saa ya ukutani akihesabu pumzi dakika nzima.

Mara mbili daktari alipanga siku ya upasuaji, mara mbili mafua yakaivuruga. Ya kwanza hakuna aliyejua yalikotoka. Ya pili kila mtu alijua: mama mkwe alikuja akipiga chafya, akasema ni vumbi la njiani, akambusu mjukuu usoni.

Tangu hapo Askari aliweka kigoda mlangoni, pamoja na ndoo na sabuni. Kila Jumamosi mama mkwe alikuja, akanawa, akakaa kigodani na kumtazama mjukuu kwa mbali. Miezi mitatu. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, na kila mmoja alikuwa amemnunia mwenzake hadi mifupani.

Siku mpya ya upasuaji ilikuwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi, mtoto akiwa bado amelala, Askari alikuwa anapinda sketi ya shule, mara koo likaanza kumkereketa. Vumbi la vitambaa, akajisemea. Kisha akakumbuka ni nani mwingine aliyesema vumbi, na aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka. Akapiga chafya.

Alikuwa amechoka, jamani. Baba mtoto, dereva wa lori, alikuwa safarini mpaka Jumatano. Akinyamaza, nani atajua? Alivaa barakoa, akachukua simu.

"Mama, nimeshikwa na mafua."

Alisubiri kusemwa, na alijua amestahili.

"Umemshika mtoto leo?"

"Bado hajaamka."

"Usimshike. Nakuja."

Hazikupita dakika ishirini. Mama mkwe alinawa hadi viwiko, akasugua kucha, akabadilisha nguo, yote bila kuambiwa. Akaingia ndani. Askari, kwa mazoea, akamfuata.

"Wewe, unakwenda wapi? Kigoda kile pale."

Akakaa. Kilikuwa kifupi, magoti yalikaribia kidevu, na mguu mmoja ulicheza. Hakuwahi kukikalia. Ndani mtoto aliamka akalia, na mikono ya Askari ikanyanyuka yenyewe. Akairudisha mapajani. Kilio kikapungua, kikaisha, na kwa muda hakusikia kitu.

"Arobaini na mbili," mama mkwe akasema kutoka ndani. "Nimehesabu dakika nzima. Si ndivyo unavyofanya?"

"Ndivyo, Mama. Nani alikufundisha?"

"Nani anifundishe? Kila Jumamosi nilikuwa nahesabu na wewe, hapo hapo ulipokaa."