Tarumbeta Iliyotuchelewesha Kwenye Kilio

Amefariki mwalimu wa tarumbeta wa mtaa wetu wa Mususa, na mimi, jirani yake tangu ujana, nilifika kwenye kilio chake nimechelewa, nimeshiba, tena nimevaa shati la maua. Msinihukumu kabla ya kumaliza kusoma. Mtaa mzima ulichelewa, na tulipokutana langoni kwake tuliangaliana tukaangua kicheko, wengine huku machozi yakiwatiririka, mpaka mchungaji akauliza kama tuna akili timamu. Siku ile hatukuwa nazo. Lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyetupotosha, tena kwa bidii ya miaka mingi.

Kwetu Butembo tarumbeta ina kazi zake zinazojulikana. Ikipigwa haraka haraka barabarani, kuna arusi au askofu amefika. Ikipigwa polepole nyumbani kwa mtu, kuna maiti, na hapo kila mmoja anajua la kufanya: unachukua kuni, unga wa muhogo au maharagwe, unakwenda. Wakati wa vita desturi hii ilikaza zaidi. Watu walikufa kwa namna nyingi na kuuliza sana kulikuwa na hatari zake, kwa hiyo tulibeba kuni kwanza, maswali tukayaacha yafuate nyuma.

Katikati ya vita hivyo, marehemu, wakati huo binti na mwimbaji wa kwaya ya Kiprotestanti, akaamua kusomea ualimu wa jazi. Narudia, msije mkadhani mpiga chapa amekosea: ualimu wa jazi. Huko Beni alikuwapo mzee aliyewahi kupiga tarumbeta katika bendi za Kisangani, na kila barabara ilipofunguka binti alipanda gari la mizigo, akakaa juu ya magunia ya vitunguu, akaenda kujifunza. Mzee alimpa tarumbeta kuukuu na sharti moja. Hatamwita mwalimu mpaka amletee mwanafunzi wake mwenyewe, na mwanafunzi huyo asije na wimbo aliokariri, ila aulizwe kwa tarumbeta na ajibu kwa sauti iliyotoka moyoni mwake papo hapo. Na mzee alikuwa anakohoa vibaya. Akitangulia yeye, binti angebaki na tarumbeta bila ualimu, maana hapakuwa na mwingine wa kumpa. Alitafuta mwanafunzi kwaya nzima, na kiongozi wao akamfungia mlango kwa upole: "Hapa tunaimba ile iko mu kitabu. Ya kujitungia, utatungia kwako."

Basi akaenda kwake, akaanza mazoezi ya pumzi kila asubuhi. Mazoezi ya pumzi ni sauti ndefu, moja moja, polepole kabisa. Nadhani mmeshaelewa. Asubuhi ya kwanza tu, ua wake ulijaa. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia, lakini siku ile wa mbali tulianza bila mfiwa. Mimi nilileta maharagwe. Mama mmoja mjane wa nyumba ya pili, Mkatoliki wa kutupwa, alikuja na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso, na alikuwa ameanza kulia kwa sauti tangu njiani. Binti akatoka na tarumbeta mkononi, anatushangaa.

"Ni nani alikufa?" mama akauliza.

"Hapana mutu alikufa, mama. Niko najifunza."

"Unajifunza nini? Kufa?"

Mama akamgombeza. Lakini koo lake lilikuwa bado kwenye kilio, kwa hiyo hasira ilitoka imeimbwa, ikipanda na kushuka: kuni zake za kupikia, mgongo wake, aibu yake mbele ya watu. Binti, badala ya kuomba radhi, akainua tarumbeta akamjibu. Mama akaongeza ukali, na tarumbeta nayo ikaongeza. Tukaanza kupiga makofi. Kuni ziliwashwa, maharagwe yangu yakapikwa, mtu akaleta kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, tukala kilio kisicho na maiti. Sijawahi kufurahi hivyo tena, na tulikuwa vitani.

"Mama, weye ndiye mwanafunzi wangu," binti akamwambia.

"Mimi? Kinywa yangu hapana gusa ile kitu."

"Isiguse. Utagombana tu."

Wakaenda Beni wote wawili juu ya vitunguu. Kwenye kizuizi askari aliushuku mfuko wa tarumbeta. "Beta kwanza, tusikie," akaamuru, yaani apige. Binti kwa woga akapiga kile alichokizoea zaidi, sauti moja ndefu. Askari akavua kofia. "Pole, bamama. Mupite." Mama aliponisimulia alisema hawakudanganya, kwa kuwa hawakuulizwa nani amekufa. Walipofika, mzee alikuwa kitandani. Tarumbeta ikauliza, na mama akaanza kugombana na mashimo ya barabara, na vita, na mzee mwenyewe kwa kukaa mbali hivyo. Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akamwambia yule binti, "Mwalimu, ikaa." Hakuna cheti kingine alichowahi kupata.

Nimewaza sana kwa nini watu walimfuata baada ya hapo, Wakatoliki kwa Waprotestanti, wafanyabiashara, mafundi na wakulima. Nadhani ni hivi. Miaka ile kila mwenye bunduki alituuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, na jibu salama lilikuwa moja, nalo tulilijua kwa moyo. Uani kwake uliulizwa na ukaruhusiwa kujibu utakavyo. Ukitoka pale ulitembea tofauti. Nilimpenda kwa hilo, na sikuwahi kumwambia.

Sasa mnajua kilichotupata. Asubuhi aliyofariki, wanafunzi wake walisimama uani wakapiga sauti ndefu, polepole, na mimi nikasema masomo yameanza, nikajiongezea chai. Muuza nyanya aliendelea kupanga nyanya. Aliyeng'amua ni yule mama, mzee sasa. Kila asubuhi alikuwa na mazoea ya kumrushia mwalimu tusi moja la kuimbwa kutoka mlangoni kwake, na mwalimu akimjibu kwa tarumbeta. Siku hiyo akarusha, akangoja, na jibu halikuja. Akafunga kuni, akatia kamba kwenye paji la uso, akapita nyumba kwa nyumba: "Mutoke. Leo hapana jibu."

Makaburini mchungaji alipomaliza, mama akasogea, akaimba swali lake la zamani: "Unajifunza nini? Kufa?" Tarumbeta za wanafunzi zikamjibu zote, kila moja kwa njia yake, na hakuna aliyekuwa ameziandikia cha kupiga. Mimi nililia, shati la maua na yote.

Kwa hiyo nawausia, ndugu wasomaji, mkisikia tarumbeta ya polepole, msingoje kuhakikisha kama mimi. Bebeni kuni. Ikiwa ni masomo tu, mtapikia maharagwe.