Niliuza Kilio cha Mdogo Wangu Jukwaani

Nimekosa, tena kwa kujua. Asinitetee mtu kwamba shetani alinipitia. Shetani nilimkuta njiani, nikampakia mwenyewe!

Naficha jina langu na jina la kata yangu, maana bado nina watu wa kuwaonea haya. Itoshe kujua kwamba sisi ni wa Mtwara, upande wa mtoni, kule Ruvuma inakokaribia kuingia baharini. Mama yetu alivuka mto huo akiwa binti, akitokea ng'ambo, Msumbiji, akaolewa huku. Alizaa wengi, wakamfia. Tulibaki wawili: mimi na mdogo wangu wa kiume. Nitamwita Shaibu.

Shaibu nilimlea mgongoni. Mama alipokuwa bondeni kwenye mpunga, mimi ndiye niliyekuwa mama. Mpaka anaoa, jambo lake lolote zito alikuwa analileta kwangu kwanza. Kumbukeni hilo mnapoendelea kusoma.

Mtoto yule akasoma, akafika chuo. Huko chuo, yeye na wenzake wakatengeneza satelaiti. Ndiyo, satelaiti! Si dude kubwa kama yale ya kwenye televisheni. Kitu kidogo, ukubwa wa tofali, cha kupiga picha za mito na mashamba kutoka juu. Nchi nyingine ikawapandishia kwa roketi yake.

Siku ile diwani wetu alikusanya watu, akachinja mbuzi. "Mtoto wa kata hii amegusa mbingu!" akasema. Mama alicheza mpaka mtandio ukamdondoka. Na mimi nilipiga vigelegele, jamani, tena vya kweli.

Uchaguzi ulipokaribia, nikautaka udiwani.

Niliutaka vibaya! Nilikuwa nauza vitenge, najulikana, mdomo ninao. Lakini kila nilipopita nyumba kwa nyumba nilikuta diwani aliyekuwepo amekwishajisifia ile satelaiti, utadhani aliirusha yeye kwa manati. Nikaanza kusikiliza watu wanasema nini pembeni.

Wengi hawakuipenda. Mzee mmoja kwenye ghala la korosho aliniuliza, "Hivi huko juu wanakwenda kutafuta nini? Kisima?" Mwenzake akadakia kwamba hata mwezini hakufika mtu, yale ni maigizo. Mama mmoja akasema ni kumchungulia Mungu, na Mungu hapendi kuchunguliwa.

Na zahanati yetu kweli haikuwa na maji. Mzazi akienda kujifungua, ndugu wanamfuata na madumu kichwani. Mtu akiuliza kwa nini tofali linapanda mbinguni wakati mzazi anabebewa maji, hajakosea. Hata leo nasema hajakosea. Kosa langu si kuuliza swali lile.

Wiki za kampeni, Shaibu akaja nyumbani. Alikuja na antena na mitambo yake midogo, akasimika mlingoti wa mwanzi nyuma ya nyumba ya mama. Alisema kwetu minara ni michache, kwa hiyo hewani hakuna kelele nyingi, unaweza kusikia kitu kinachonong'ona.

Nilikwenda kumsalimia mchana. Mama alikuwa shambani. Nilimkuta jikoni kwa mama, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, hakuni nazi, ameinamisha kichwa tu.

"Shaibu, unaumwa?"

"Dada, funga mlango."

Nikafunga. Akaanza kulia. Mwanamume mzima, mabega yanatikisika!

"Chombo chetu kimenyamaza, dada. Kiliongea siku chache za mwanzo, kikanyamaza. Kinapita juu yetu, tunakiita, hakijibu."

"Mbona hatujasikia?"

"Wakubwa wamesema tusitangaze kwanza. Wanatupa muda tujaribu." Akafuta uso kwa kiganja. "Na mimi ndiye niliyefunga nyaya za betri. Usiku silali. Nadhani nimekiua mimi. Sijamwambia mtu, dada. Hata mke wangu."

Nilimkumbatia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, limeishia hapa hapa jikoni." Wallahi nilimaanisha!

Nilimaanisha kwa siku mbili hivi.

Mkutano wetu mkubwa ulikuwa uwanja wa shule. Walikuja watu hata wa kata ya Ziwani. Kabla yangu, wapambe wa diwani walikwishapita na gari la matangazo wakiimba ile satelaiti. Nikapanda jukwaani nikasema habari ya zahanati. Wakapiga makofi ya adabu. Nikasema habari ya salfa, dawa ya mikorosho, kuchelewa. Makofi ya adabu. Nikamwona meneja wangu wa kampeni anatazama simu yake. Nikaona kata inaniponyoka.

Ndipo mdomo wangu ukafunguka.

"Mnaimbiwa satelaiti! Satelaiti ipi? Imekufa!"

Meneja wangu akainua macho kutoka kwenye simu.

"Imekufa, haisemi, wamewaficha! Mnaniuliza nimejuaje? Aliyeitengeneza ni tumbo moja na mimi! Amelia mbele yangu jikoni kwa mama, amesema kwa kinywa chake kwamba ameiua yeye!"

Loo! Hamjapata kusikia kishindo kama kile. Watu walicheka mpaka wakashikana. Vijana wakanibeba. Nikanogewa. Nikaongeza uongo ambao sikuwa nimeupanga: kwamba tangu ule mlingoti usimikwe nyuma ya nyumba yetu, maua ya mikorosho yanaungua na hayashiki. Nilijua ni uongo. Maua huunguzwa na ukungu, nao nimeuona tangu nazaliwa!

Sikumtafuta Shaibu jioni ile. Nilijifanya nimechoka.

Asubuhi nikapigiwa simu kwamba vijana wanakwenda kwa mama. Nikapanda bodaboda mpaka pale. Nilipofika barabarani, nyumba ikiwa mbele yangu, niliwaona: vijana wangu wa kampeni, wamevaa fulana zenye picha yangu, wameuzunguka mlingoti. Mama alikuwa ameukumbatia mwanzi kwa mikono miwili, amekaa chini mavumbini.

"Chonde, wanangu," alikuwa anasema. "Chonde."

Shaibu hakupigana. Alisimama kati yao na mama, ana vifaa vya kusikilizia shingoni, sauti ya upole kabisa.

"Kinapita saa nne," akawaambia. "Niachieni mpaka saa nne tu. Kuna njia moja ambayo sijaijaribu. Baada ya hapo vunjeni, hata mimi nitawasaidia kuvunja."

Wakacheka. Mmoja akamwiga kilio.

Neno langu moja lingetosha. Wale walikuwa vijana wangu! Nikapiga hatua, meneja wangu akanishika mkono. "Mheshimiwa, usiingie. Ukiwazuia leo, watasema jana ulidanganya. Kata imekwenda."

Nikasimama. Nikatazama chini. Nikausikia mwanzi ukikatika.

Nilipoinua macho, Shaibu alikuwa anamnyanyua mama, anampangusa mchanga magotini. Akageuka, akaniona kule barabarani. Hakunitukana. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

Saa nne ikafika, ikapita. Kama kile chombo kiliitika au hakikuitika, hakuna aliyekuwa anasikiliza. Pengine kilikwishakufa kweli. Pengine ile njia yake moja ingekiamsha. Baadaye kiliungua kikirudi duniani, kama viunguavyo vitu vya huko. Sitajua. Mungu wangu, sitajua mpaka nakufa!

Nikashinda uchaguzi.

Video ya maneno yangu ilizunguka kwenye simu mpaka ikafika chuoni. Shaibu aliitwa, akaulizwa kwa nini ametoa siri, na kwa nini hakuwa amewaambia wenzake habari ya zile nyaya. Akaondolewa kwenye kazi ile. Mkewe alipoiona alimuuliza swali moja tu: "Dada yako alilijua, mimi sikulijua?" Hawakuachana, lakini najua niliwapandia mwiba ndani ya nyumba. Sasa Shaibu anafundisha fizikia shule fulani huko bara. Nilisikia kwa watu.

Na zahanati? Nilipoingia kwenye vikao nilijifunza kwamba fedha ya satelaiti ile haikuwa fungu letu, wala isingekuja kwetu hata tofali lile lisingerushwa. Nimepigania maji yale mpaka sauti imekauka. Wazazi bado wanabebewa madumu.

Mama alikataa kukaa karibu yangu. Alihamia kwa binamu yake, kijijini Mpapura. Nilimpelekea mchele, alipokea, akanishukuru kama anavyoshukuru mgeni. Siku moja nikamlilia, "Mama, nisamehe." Akanijibu kwa kile Kiswahili chake cha ng'ambo, taratibu, "Mimi nimekusamehe zamani, mwanangu. Lakini nikiwa na jambo, sikwambii."

Mama akafariki.

Shaibu alikuja kuzika. Alishuka kaburini mwenyewe akampokea mama yake. Baada ya mazishi wanaume walikaa kwenye mkeka, watu wanapita kumpa pole. Na mimi nikapita. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Nikampa mkono, nikasema, "Mdogo wangu, pole."

Alinipa mkono. "Ahsante, Mheshimiwa."

Jamani! Mtoto niliyembeba mgongoni! Nilitaka ardhi ya kaburi lile inimeze na mimi.

Nilimfuata alipokuwa anaondoka. Nikapiga magoti mbele za watu, nikamwomba radhi kwa chombo chake, kwa kazi yake, kwa yote. Akaniinua kwa heshima, maana ana heshima yule.

"Ya chombo yamekwisha," akasema. "Vyombo hufa, wenzetu wakubwa wamepoteza vikubwa kuliko chetu. Na ya watu kutucheka sikuyashangaa, wana haki ya kuuliza. Lakini lile la jikoni, Mheshimiwa. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumlilia duniani. Sasa nikipata jambo nakaa nalo tu."

Akaingia kwenye gari la watu. Simu yangu hapokei. Ujumbe anasoma, hajibu.

Wewe unayesoma, hasa wewe unayetafuta kura au makofi ya watu: uliza. Uliza fedha imekwenda wapi, uliza kwa nini roketi na si kisima, uliza kwa sauti kubwa, hiyo ni haki yako. Lakini uliza kwa ulichokiona na unachokiamini. Usiokote machozi ya nduguyo ukayafanya silaha, na usisingizie kitu kwa sababu tu watu hawakielewi. Watakushangilia, ndiyo. Watakubeba mabegani. Kisha wataondoka kila mtu kwao, nawe utarudi nyumbani kwako, na waliokuwa wakikueleza mambo yao watakusalimia vizuri, watakukaribisha chakula, halafu watanyamaza.