Mtu Asiyepanga Foleni

Achille, fundi wa simu wa Umbilo Road, huko kusini mwa Afrika, hapangi foleni. Akikuta watu watatu mbele ya mashine ya benki, anageuka kurudi. Nywele ananyolewa na mkewe, tena vibaya, na mkate anaununua alfajiri, duka likifunguliwa tu. Ukimuuliza sababu, atakuambia miguu yake ni ya kifalme, haikuumbwa kusimama. Huyo ndiye Achille. Ukimuuliza jambo la maana, anakutupia mzaha.

Aliyechoshwa na mizaha hiyo ni binti yake Constance, mwenye miaka kumi na mitano. Alijua baba yake alikulia katika kambi ya wakimbizi huko Kigoma, na kwamba koko, yaani mama mzaa baba, alifia humo. Basi. Kila alipouliza habari za koko alipewa kichekesho, hata akaanza kuamini kwamba baba yake hakumpenda mama yake. Hilo lilimuuma.

Mwaka huu darasa lake liliandaa ziara, wazazi wakakaribishwa. Constance alisema wanakwenda bustani ya kumbukumbu, kusini mwa jiji. Achille alisikia neno bustani tu. Akavaa shati lake la kitenge, akabeba sanduku la barafu lenye soda, samaki wa kukaanga na chikwangue za mihogo. Ndani ya basi Mwalimu Matilda akamweleza kwa upole kwamba pale paliwahi kuwa kambi. Zaidi ya miaka mia iliyopita, wakati wa vita, Waingereza waliwafungia humo wanawake na watoto wa Makaburu, na wengi waliokufa walikuwa watoto.

"Eish," Achille akasema, akalisukuma sanduku chini ya kiti.

Huko bustanini, majina ya waliokufa yalikuwa yamechongwa kwa wingi kwenye mawe, umri pembeni: miezi minne, miaka miwili, miaka sita. Achille alianza kuyasoma kwa mbwembwe, akiyapinda mpaka wanafunzi wakacheka. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha. Alipofika kwa mtoto wa tatu wa ukoo mmoja, akaacha kusoma. Akajitenga, akafika penye makaburi yasiyo na majina, kila moja na jiwe lake tu, yamejipanga mstari mmoja mrefu. Akasimama hapo. Moyo ulimuuma kama jino, naye mwenyewe alishangaa.

Constance akamfuata. "Papa, uko na nini?"

"Hii ni kama foleni ya maji," akasema. "Kule kambini bomba ilikuwa moja, tulikuwa tunapanga mawe. Jiwe yako ndiyo nafasi yako. Sasa koko yako, mjanja sana, alitafuta jiwe kubwa kama mbuzi, ati mtu asiisogeze. Kila asubuhi anaisukuma yeye mwenyewe, anaitukana."

Constance akacheka. Achille naye akacheka, machozi yakimtoka, wala hakuyaficha.

"Na alikufaka namna gani?"

"Homa. Siku tatu tu. Siku ile alikufa, jiwe yake ilikuwa ya kumi na mbili. Wamama wa mbele wakaondoa mawe yao, wakasukuma ya mama mpaka kwa bomba, wakajaza ndoo zetu kwanza, juu tupate maji ya kumuosha. Wakageuka wote kuniangalia. Toka siku ile, nikiingia foleni naona wale wamama wanageuka kuniangalia. Siwezi."

"Na jiwe?"

"Ilibaki pale pale. Nani ataibeba? Mpaka tunatoka kuja huku ilikuwa ya kwanza, kila siku ya Mungu. Watu wanaisalimia."

Constance akamfuta uso kwa mkono wa sweta yake ya shule, kisha akamwomba amtajie majina ya koko, yote. Achille akamtajia, moja moja, bila kutia mzaha hata mmoja.