Mapafu Alivyogawa Vidonge vya Moyo

Mume wangu walimwita Mapafu. Alipiga tarumbeta katika bendi ya harusi ya watu saba, na akivuta noti ndefu, nguo zilizoanikwa mtaa wa pili zilikauka. Mkibisha, kamuulizeni dobi. Atakana, lakini dobi yule hajawahi kusema kweli hata kuhusu mashati ya watu.

Pamoja na pumzi zote hizo, mtu wangu alikuwa na hofu. Baba yake alianguka kwa moyo, akafa, akiwa na miaka hamsini na sita. Kaka yake akaanguka vilevile akiwa na hamsini na nne. Mapafu alikuwa na hamsini na tatu, presha inampanda kama nyani aliyeona ndizi, na kila akiamka aliweka kiganja kifuani kusikiliza kama mwenye nyumba bado yumo.

Nikamkokota zahanati. Daktari alikuwa binti mdogo, sauti ya upole, macho ya mama mkwe. Akampima, akamtoa damu, na majibu yalipotoka akasema, "Baba, presha iko juu, na damu ina mafuta mengi, ile kolesteroli. Hivi viwili vikishikana mikono, moyo ndio unaoumia."

Akampa vidonge vya aina mbili, vya presha na vya kushusha mafuta.

"Hiki cha mafuta nitakisikia lini kikifanya kazi?" Mapafu akauliza.

"Hutakisikia."

"Dawa isiyosikika ni dawa, au ni salamu?"

"Faida yake ni ya miaka, baba. Watu wenye presha waliokimeza wamefuatiliwa muda mrefu, na waliokufa kwa moyo walikuwa wachache kuliko wenzao ambao hawakukimeza. Hakizuii kila kitu, kinapunguza hatari. Meza kila siku, punguza chumvi, tembea."

Baada ya miezi miwili tukarudi. Presha imeshuka, mafuta yako palepale. Daktari akageuza karatasi mbele na nyuma.

"Baba, unameza kweli?"

"Nitaachaje kumeza! Sijakosa hata zamu moja."

"Zamu?"

Hapo nikajua nimeolewa na bendi.

Wapiga matarumbeta wale walikuwa na sheria yao ya tangu zamani: kinachoingia mkononi mwa mmoja ni cha wote saba. Hata soda ikibaki chupa moja, inazunguka, kila mtu funda lake. Basi Mapafu alipotoka zahanati aliweka mfuko wa vidonge mbele ya wenzake mazoezini, akasema, "Cha presha ni changu, nina ugonjwa wake. Lakini hiki cha mafuta, nani hapa hana mafuta?" Wote wakamtazama Gunia, mpiga ngoma kubwa, ambaye tumbo lake lilifika ukumbini kabla ya ngoma. Watu saba, siku saba. Zamu ya mume wangu ilikuwa Jumatano.

Daktari alificha uso nyuma ya faili, mabega yanamtikisika. Alipojitokeza, hakuwa na utani tena. "Dawa si pipi. Inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Kesho niletee wote."

Wakaja na sare na kofia zenye manyoya, wamejipanga kwa kimo. Wagonjwa wakasimama, wakidhani kuna mgeni rasmi. Wakapimwa mmoja mmoja. Gunia damu yake safi! Mwenye presha na mafuta alikuwa mpiga filimbi, mwembamba mpaka ukimtazama ubavu unaona kofia tu.

"Mlinicheka bure!" Gunia akanguruma. "Mwizi alikuwa amejificha kwenye mfupa!"

Mpiga filimbi akaandikiwa vyake. Ila Mapafu akaja kwangu ananung'unika, "Mama watoto, nitamezaje wenzangu wananitazama?"

"Wenzako wameze maji, mzee. Nani atawazuia?"

Ikawa hivyo. Mazoezi yakiisha, Gunia anapiga ngoma pigo moja. Wenye vidonge wanameza vidonge, wengine funda la maji. Siku isiyo na mazoezi Gunia alipita kwetu na kupiga geti letu teke moja. Geti lilipinda, kidonge hakikukosa.

Mafuta yakashuka. Mapafu akatangaza kwamba amepona, hataki dawa tena. Daktari akamwambia, "Paa lisipovuja, baba, unang'oa mabati?" Akanywea, akameza.

Hamsini na nne ikapita kimya kimya. Hamsini na sita nilikuwa ninalala jicho moja wazi. Alipotimiza hamsini na saba aliniamsha alfajiri, meno yote nje. "Leo mimi ni mkubwa kuliko baba yangu. Nimwite mdogo wangu?" Nikacheka, kisha nikalia, akaniletea maji.

Sasa ana sabini na nane. Mwezi uliopita yule binti daktari, naye mvi zimemwingia, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshika kamba za mkoba wangu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Moyo unapiga vizuri, babu."

"Moyo nimekuachia wewe," Mapafu akajibu, akafunua mdomo. "Meno ya mbele yamekwenda mawili, tarumbeta inapiga miluzi! Miaka yote naogopa moyo utanipokonya kazi, kumbe ni meno!"

"Meno ni chumba namba tano, mwisho wa korido."

Alikuwa ameshafika kwenye foleni, mimi bado natafuta kiatu nilichokivua chini ya benchi.